Shajara ya mradi: DVD ya kubuti kwa maabara ya shule, Busia

Jumatatu

Shule moja ya sekondari hapa Busia, upande wetu wa mpaka, yaani Uganda, ina maabara ya kompyuta iliyojaa mashine za mezani za enzi za Core 2 Duo, RAM gigabaiti 2 kila moja. Diski za ndani nyingi zimekufa, na zilizobaki zinatoa mlio ambao fundi yeyote anaujua. Pesa ya kununua SSD haipo muhula huu. Kinachofanya kazi bado ni ubao, skrini na draivu ya DVD. Mwalimu wa kompyuta anataka wanafunzi wapate LibreOffice, wasome Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti, na wasiweze kuharibu kitu. Tangu baraza la mawaziri lipitishe Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa shuleni, mwenzake wa Kiswahili naye hamwachi apumue: anataka vitu vya kusoma.

Kila ninayemweleza ananiuliza kwa nini nisitumie flashi. Kwanza, baadhi ya mashine hizi hazikubali kubuti (kuwaka na kupakia mfumo) kwa USB hata uzibembeleze. Pili, flashi zikiingia maabara asubuhi, jioni huzioni. Tatu, DVD-R ikishachomwa na kufungwa hakuna kirusi kitakachojiandika juu yake. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomshawishi mkuu wa shule, maana wanafunzi wanakuja na flashi zilizopita kila kibanda cha fotokopi mjini.

Mpango ni kuchukua ISO (faili moja lililobeba diski nzima) ya Debian 12, mfumo wa Linux wa kubuti moja kwa moja bila kusakinishwa, ile yenye Xfce, mazingira mepesi ya skrini, niifungue, niongeze na kupunguza, kisha niijenge upya iwe diski yetu. Ninaandika hatua kwa hatua kwa sababu maelezo mengi niliyokutana nayo yanaishia "fungua ISO, buruta faili, hifadhi". Ukifanya hivyo kuna siku itabuti na siku haitabuti, na hutajua kwa nini.

Jumanne

Leo sikubadili chochote. Nilitaka kwanza kuona mashine inaona nini inapopewa diski.

Kanuni inayotumika ni ya mwaka 1995, iliandikwa na Phoenix Technologies pamoja na IBM, na inaitwa El Torito. Haijali majina ya mafaili hata kidogo. BIOS, programu ndogo ya kwenye ubao inayoiwasha mashine, inakwenda moja kwa moja kwenye sekta ya 17, ukihesabu kuanzia sifuri, kila sekta ikiwa na baiti 2048. Sekta 0 hadi 15 si za mfumo wa mafaili, ya 16 ina jina na ukubwa wa diski, na ya 17 ndiyo mlango. Nikaisoma kwa dd, na xxd ikanionyesha baiti zake kwa tarakimu za msingi wa 16:

dd if=asili.iso bs=2048 skip=17 count=1 | xxd | head -5

Mstari wa kwanza na wa tano ndio wenye habari:

00000000: 0043 4430 3031 0145 4c20 544f 5249 544f .CD001.EL TORITO
00000040: 0000 0000 0000 002b 0500 0000 0000 0000 .......+........

Angalia nafasi ya 0x47 kwenye huo mstari wa chini: 2b 05 00 00. Ni nambari ya baiti nne, inayosomwa kuanzia nyuma, yaani 0x052b, yaani 1323. Kwa hiyo katalogi ya kubuti, yaani orodha ya milango ya kubuti, kwenye faili langu iko sekta ya 1323. Nikaenda huko. Baiti 32 za mwanzo ni utambulisho: inaanza na 01, inafuata 00 ya kusema "hii ni ya mashine za x86", na inaishia aa 55 55 aa. Hizo nne za mwisho si pambo. Mbili za kwanza zimechaguliwa ili ukijumlisha utambulisho wote, baiti mbili mbili, upate sifuri. BIOS makini ikikuta jumla si sifuri inaiacha diski na kwenda kutafuta kwingine.

Baada ya hapo kuna 88, maana yake "ingizo hili linabuti". Kisha 00, maana yake usijifanye flopi wala diski kuu, soma tu. Halafu 04 00: vipande vinne vya baiti 512, jumla 2048. Halafu nambari ya sekta ambako isolinux.bin, programu ya kubuti kutoka Syslinux, imelala. Basi. BIOS inachukua baiti 2048 kutoka sekta hiyo, inaziweka kwenye memori, inazikabidhi usukani. Mengine yote, menyu, kerneli (kiini cha Linux), Xfce, yanatokana na hizo baiti 2048.

Mbele kidogo kuna 91 ef, mlango wa pili kwa ajili ya mashine za UEFI, mrithi wa BIOS, nao unaelekeza kwenye efi.img.

Sasa utaona kwa nini kuburuta mafaili ni hatari. Programu inayoichukulia ISO kama zip inaongeza faili lako, inasukuma mengine mbele, na isolinux.bin inahamia sekta nyingine. Kama katalogi haikuandikwa upya, BIOS inafanana na bodaboda aliyepewa namba ya nyumba bila jina la mwenyeji: atafika pale pale alipoelekezwa, hata kama familia ilihama. Tena isolinux.bin yenyewe imebeba anwani tumboni mwake. Kuanzia baiti ya 8 kuna jedwali la baiti 56 linaloandikwa wakati wa kujenga ISO, lenye nambari ya sekta ilipo, urefu wake na jumla ya uhakiki. Ndiyo maana ukilinganisha isolinux.bin iliyo ndani ya ISO na ile iliyokuja na pakiti ya Syslinux, alama zake za uhakiki, sha256, hazilingani, na hakuna aliyeichezea.

Uamuzi wangu kuanzia hapa: sitarekebisha ISO ya zamani pale pale. Nitaijenga nyingine kutokana nayo, na programu inayojua hizi nambari ndiyo itakayoziandika.

Jumatano

Ndani ya ISO, mfumo mzima wa Debian umebanwa kwenye faili moja, /live/filesystem.squashfs. Nimelifungua kwa unsquashfs nikiwa root (msimamizi wa mfumo). Hilo la root ni lazima, vinginevyo mafaili yote yatakuwa mali yako na sudo itakataa kazi siku ya kwanza. Kisha nikaingia ndani yake kwa chroot, kana kwamba ndio mfumo unaoendesha mashine.

Kabla ya kutumia apt, kisakinishi cha programu cha Debian, nilifunga kerneli kwa apt-mark hold. Sababu ni hii: kerneli inayobuti haitoki kwenye squashfs, inatoka kwenye folda ya /live juu ya diski. Apt ikileta kerneli mpya ndani na ya zamani ikafutwa, moduli (viendeshi) za ndani zitakuwa za toleo jipya na kerneli ya nje itabaki ya zamani. Mashine itawaka, lakini kadi ya sauti, mtandao na vingine vitakuwa kama havipo. Unaweza pia kuiruhusu ipande halafu ukatoa vmlinuz (kerneli yenyewe) na initrd (mfumo mdogo wa kuanzia) mpya na kuviweka /live, ila kwa maabara isiyo na intaneti sikuona faida.

Nilichotoa: michezo, programu ya barua pepe, fonti za lugha ambazo hakuna atakayezifungua Busia. Nilichoongeza: kiwix-tools, ambayo inasoma Wikipedia iliyofungwa kwenye faili moja la zim na kuionyesha ndani ya Firefox. Faili lenyewe la zim sikuliweka ndani ya squashfs. Tayari limebanwa, ukilibana tena unapoteza muda wa kichakato bure, halafu kila ukibadilisha toleo la Wikipedia itabidi ujenge squashfs nzima. Litakaa wazi juu ya diski, kwenye folda ya /masomo, na mfumo ukishawaka litaonekana /run/live/medium/masomo.

Lugha ilinichelewesha kidogo. Kwenye glibc, maktaba ya msingi ya Linux, Kiswahili kina sura mbili, sw_KE na sw_TZ. Uganda imo kwa Kiganda, lg_UG. Nilichukua sw_KE kwa sababu Kenya iko ng'ambo ya barabara, tarehe na majina ya siku yakatoka vizuri. Menyu za programu nyingi zitabaki Kiingereza, hilo mwalimu alilijua.

Kubana upya kwa mksquashfs na xz kunatafuna kichakato. Laptopu iliwaka moto kama pasi na feni haikunyamaza. Umeme ulikatika katikati, betri ikabeba.

Alhamisi

Menyu. Kwa mashine za BIOS ni mafaili ya maandishi ndani ya folda ya isolinux, kwa UEFI ni grub.cfg, mipangilio ya programu ya kubuti GRUB, ndani ya /boot/grub. Nimeandika ya kwetu kwa Kiswahili: "Anza masomo", "Anza kwa skrini salama", "Pima memori", "Chapa kwa vidole kumi". Hiyo ya mwisho nitaieleza. Mstari wa kerneli umebeba haya:

boot=live components locales=sw_KE.UTF-8 timezone=Africa/Kampala keyboard-layouts=gb

Kibodi ni gb kwa sababu nyingi za maabara ni za mpangilio wa Uingereza. Ukiacha us, alama ya @ na ile ya nukuu zinabadilishana nafasi, na mwalimu atasumbuliwa darasa zima. Neno toram, lile linalomeza diski yote kwenye memori ili uweze kuitoa, nimeliacha nje. Kwa gigabaiti 2 halina nafasi.

Initrd nimeichungulia kwa lsinitramfs na kuiacha. Watu wanapenda kuifungua kwa sababu inawezekana. Ukilazimika, jua kwamba mara nyingi si kumbukumbu moja: mbele kuna cpio (kifurushi cha mafaili) isiyobanwa yenye maikrokodi ya kichakato, nyuma yake ndiyo ile kubwa iliyobanwa. Ukiifungua kwa cpio peke yake utapata folda ndogo na kudhani umeibiwa. Tumia unmkinitramfs, inazitenganisha. Kwangu mimi, jambo linalowezekana kwa neno moja kwenye mstari wa kerneli halistahili kufanywa kwa kupasua initrd.

Efi.img ilistahili kuguswa, kidogo tu. Ni imeji ndogo (faili lililobeba diski) ya FAT, na UEFI inatafuta ndani yake \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. GRUB iliyomo inapaswa kuijua diski ilikotoka, na njia ya kawaida ni kutafuta faili la alama. Tatizo linakuja mashine ikiwa na diski mbili za ukoo mmoja. Laptopu ya mkuu wa shule ni ya UEFI na huwa imechomekwa flashi ya Debian niliyomwachia zamani. Alama ikiwa ile ile kwa zote mbili, GRUB inashika ya kwanza kuonekana. Nimeweka faili tupu juu ya diski yetu liitwalo /busia.id na kuandika kwenye grub.cfg ya ndani ya efi.img:

search --set=root --file /busia.id

Kisha nikairudisha grub.cfg hiyo bila hata kuipachika imeji kwenye mfumo:

mcopy -o -i efi.img grub.cfg ::/EFI/debian/grub.cfg

Secure Boot, ulinzi wa UEFI, haikulalamika, kwa kuwa inakagua saini za programu zenyewe na grub.cfg ni maandishi tu. Na usishawishike kujaza efi.img picha na fonti. Kwenye katalogi ukubwa wake una nafasi ya baiti mbili, unahesabiwa kwa vipande vya 512, kwa hiyo mwisho wake ni karibu megabaiti 32.

Sasa "Chapa kwa vidole kumi". Mwalimu ana programu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa zamani) ya kufundisha kuchapa, ameitunza kwenye flopi tangu alipokuwa mwanafunzi, na anaapa hakuna kama hiyo. Flopi bado inasomeka, mashallah. Nilichukua imeji ya flopi ya FreeDOS, DOS ya bure, nikaifanyia kazi kwa mtools, zana za kushika mafaili ya DOS. Imeji ya flopi ya 1.44 ni baiti 1,474,560 kamili: mizunguko 80, pande 2, sekta 18, mara 512. Isizidi wala isipungue, kwa sababu anayeisoma anakisia umbo la flopi kutokana na ukubwa huo. Kwanza mdir kuona kilichomo, nikafuta visivyohitajika, nikaingiza vyake. AUTOEXEC.BAT niliipeleka kwa mcopy -t, ile t inageuza miisho ya mistari kuwa ya DOS. Kwenye menyu, memdisk ya Syslinux inaibeba imeji kwenye memori na kuidanganya DOS kwamba ni flopi ya kweli:

LABEL chapa
  KERNEL memdisk
  INITRD /isolinux/chapa.img

Memdisk inategemea BIOS, kwa hiyo kwenye menyu ya UEFI ingizo hili halipo. Mkuu wa shule atajifunzia kuchapa kwingine.

Jumamosi

Kujenga. Kazi yote inafanywa na xorriso, programu ya kujenga ISO, na neno la maana ni la mwisho kabisa:

xorriso -indev asili.iso -outdev busia.iso \
  -update filesystem.squashfs /live/filesystem.squashfs \
  -update efi.img /boot/grub/efi.img \
  -update_r isolinux /isolinux \
  -map grub.cfg /boot/grub/grub.cfg \
  -map busia.id /busia.id \
  -map masomo /masomo \
  -boot_image any replay

Replay maana yake: chukua vifaa vya kubuti vilivyokuwa kwenye ISO ya asili, uvirudie kwenye mpya kwa anwani mpya. Katalogi, jedwali la isolinux.bin, mlango wa UEFI, vyote vinaandikwa upya kulingana na mahali mafaili yalipoangukia safari hii. Nilirudia dd ya Jumanne kwenye busia.iso: sekta ya 17 iko pale pale kama kanuni inavyotaka, nambari ya katalogi imebadilika, aa 55 55 aa ipo.

Nikaijaribu kwenye QEMU, kompyuta ya kuigiza, mara mbili, mara moja kwa BIOS na mara moja kwa OVMF ambayo ni UEFI ya kuigiza. Zote zikafika Xfce. Nimeipa QEMU megabaiti 2048 ili nisijidanganye na memori ambayo maabara haina.

DVD zilikuja na taksi kutoka Kampala. Nikachoma ya kwanza kwa kasi ndogo na kuisoma tena:

growisofs -dvd-compat -speed=4 -Z /dev/sr0=busia.iso

dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=$(( $(stat -c %s busia.iso) / 2048 )) | sha256sum

Ile count ni muhimu, bila hiyo dd inaweza kusoma hadi kwenye ukingo uliojazwa sifuri na sha256 ikatoka tofauti bila diski kuwa na ubaya wowote. Zililingana.

Jumatatu, maabara

Mashine nyingi zilibuti bila maneno. Wanafunzi wa Senior ya pili walikuwa dirishani wakichungulia, na menyu ya Kiswahili ilipotokea wakacheka kwa sauti, sijui ni furaha au mshangao.

Mashine kadhaa za safu ya nyuma zilifika katikati na kukwama. Skrini nyeusi, mistari myeupe, huu ukijirudia:

I/O error, dev sr0, sector 6301440

"Fundi, si ndiyo zimekufa hizo?" mwalimu akauliza.

"Bado, mwalimu. Zimetuambia zinapoumwa."

Kwa hakika zilikuwa zimetaja mahali kabisa. Kerneli inahesabu sekta kwa baiti 512 hata kwenye DVD, kwa hiyo gawanya kwa 4: 1575360. Hiyo ndiyo sekta ya diski. Zidisha kwa 2048 upate karibu gigabaiti 3.2 tangu mwanzo. Kwenye laptopu nikaiuliza xorriso kila faili limelala wapi:

xorriso -indev busia.iso -find / -exec report_lba --

Sekta hiyo iko ndani ya filesystem.squashfs. Xorriso ilikuwa imepanga /masomo mwanzo na squashfs nyuma yake, ISO nzima ikiwa karibu gigabaiti 3.9. Tazama diski yenyewe: DVD inaandikwa kutoka ndani kwenda nje, data inaanza milimita 24 kutoka kitovuni na kuishia milimita 58. Tulikuwa tumeweka moyo wa mfumo kwenye pindo la nje, pale ambapo diski za bei nafuu hupinda, ambapo vidole hushika, na ambapo draivu yenye lenzi iliyochoka huanza kubabaika. Na vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka halijamwachia mtu lenzi safi mji huu.

Nilifungua draivu moja na kusafisha lenzi kwa pamba na spiriti. Ikapona. Nyingine nikaisafisha vile vile na haikupona.

Jumatano

Kama anwani ndiyo ugonjwa, anwani ndiyo dawa. Xorriso inakubali uzito wa mafaili: uzito mkubwa, sekta ndogo. Niliongeza mistari miwili kabla ya -boot_image:

  -find /live -exec sort_weight 100 -- \
  -find /masomo -exec sort_weight -100 -- \

Sasa kerneli, initrd na squashfs zimekaa ndani, karibu na kitovu, na Wikipedia imesukumwa nje. Ikiwa sehemu ya nje haisomeki, mwanafunzi atakosa makala fulani, ila mashine itawaka na LibreOffice itafunguka. Hilo ni hasara unayoweza kuishi nayo. Mfumo usiowaka ni kitu kingine.

Nikiwa humo humo nilishughulikia mwendo. DVD haichukii kusoma, inachukia kurukaruka, kila lenzi inapohama unasikia "krr" na unangoja. Mksquashfs ina -sort, unampa orodha ya mafaili na kipaumbele kutoka -32768 hadi 32767, makubwa yakiwekwa kwanza. Nilibuti QEMU, nikakusanya orodha ya mafaili yanayofunguliwa tangu kuwaka mpaka LibreOffice Writer ikae tayari, nikayapa vipaumbele kwa mpangilio huo huo. Sikupima kwa saa, ila sauti ya draivu imebadilika. Zamani ilikuwa inakohoa, sasa inavuma moja kwa moja kwa muda mrefu.

Ijumaa

Diski mpya zimezunguka maabara yote. Safu ya nyuma imewaka, isipokuwa mashine moja ambayo draivu yake haioni hata CD ya muziki. Hiyo inasubiri draivu kutoka kwenye rundo la vipuri dukani.

Jambo ambalo nimelibandika ukutani kwa maandishi makubwa: kazi haikai kwenye diski. Kila kinachoandikwa kinakaa kwenye RAM, hata ile nakala ya akiba ya LibreOffice, na umeme ukikatika vyote vinaondoka. Hifadhi kwenye flashi kila baada ya aya. Mwalimu amesema atalifanya kuwa sheria ya darasa, na kwa umeme wa hapa wataishika haraka.

Akaniuliza pia, "Fundi, nikitaka kuongeza notisi zangu za Senior ya tatu, si nachomeka tu hapo juu ya hii hii?"

Haiwezekani kwa hii, imefungwa. Hata ningeiacha wazi na kuongeza kipindi cha pili cha uchomaji juu yake, kuna BIOS zinazoshika sekta ya 17 ya kipindi cha kwanza na kutojua kwamba kuna kingine, tutarudi kwenye mashine zinazobuti na zisizobuti kwa diski moja. Nimemwandikia skripti yenye amri ile ile ya xorriso. Anaweka notisi kwenye folda ya masomo, anaiendesha, anapata ISO mpya, anachoma. Squashfs haiguswi, kwa hiyo haimchukui muda wala haipiki laptopu.

Nafasi iliyobaki ni kama megabaiti 700. Ameleta notisi kwenye flashi, nimezipima, zinaingia. Flashi yake ilikuwa na kirusi, nimeisafisha kwanza.